Tundu Moja na Robo

Rudisha mlango, Bashir, usiufunge kabisa, halafu kaa pale chini nikuone. Mulki, acha hivyo vikombe. Nimewaita nyinyi wawili na nyinyi wawili ndio wote nilio nao, kwa hiyo hakuna wa kungojwa. Mnaliona lile doa la jua sakafuni, karibu na kizingiti? Linatoka kwenye tundu la msumari pale juu kwenye bati, tundu ambalo wewe Bashir umeniahidi kuliziba tangu mwaka juzi, na leo naushukuru uvivu wako. Sasa ni saa tano na dakika chache. Doa hilo litatembea polepole mpaka hapa kitandani, na likinifikia itakuwa saa saba imepita kidogo. Nadhani pumzi niliyo nayo inatosha kufika hapo, kwa hiyo msinikatize, na kama mnataka kulia, mlie baadaye.

Nimewaita kwa sababu niliwadanganya. Kwa miaka sita mmemchukia baba yenu mkubwa Abdikarim kwa sababu aliondoka makaburini siku tuliyomzika mama yenu Kadija, asimtupie hata gao la udongo, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba alifanya hivyo kwa kiburi. Yeye naye amekufa mkiwa bado mnamchukia, na hamkwenda kumzika kwa kuwa niliwakataza. Nikiondoka na neno hili kifuani, mtaendelea kumchukia maiti, mtawachukia wanawe, na wajukuu zangu watapishana njiani na wajukuu zake wasisalimiane na wasijue kwa nini. Lakini siwezi kuanza na siku ile. Nikianza nayo hamtaelewa ilikuwaje mtu mzima, mwenye mvi, akasimama mbele ya kaburi la mke wake ameshika rimu ya baiskeli.

Nianze na babu yenu. Mnajua kwamba alitoka Mombasa na kwamba alikuja huku wakati reli inaletwa Kitale, akiwa mwashi kijana. Jambo msilolijua ni kwamba alikuja na neno moja ambalo lilitugharimu. Kwao Mombasa mtu hasemi kaskazini; anasema kibla. Dirisha la kaskazini ni dirisha la kibla, na ukimwambia mtoto asogeze kiti upande wa kibla anakipeleka kaskazini bila kufikiri, kwa sababu ukiwa Mombasa, Makka iko kaskazini kabisa na neno halijakosea. Babu yenu alilipakia neno hilo ndani ya gari la moshi pamoja na mwiko wake na timazi yake. Siku Waislamu wachache wa mtaa huu walipompa kazi ya kujenga msikiti wetu mdogo, aliazima dira kwa mpimaji mmoja wa reli, akaangalia sindano ya kaskazini inaelekea wapi, akapiga vigingi, akavuta uzi, akajenga. Hakuna aliyeuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa pwani, nani angebishana naye juu ya kibla? Na alipopewa kazi ya kupanga makaburi, akayapanga kwa uzi ule ule, na alipokufa tukamlaza kwa uzi ule ule, mimi na Abdikarim, na uzi wenyewe akabaki nao Abdikarim kwa kuwa ndiye mkubwa.

Sasa mimi. Nyinyi mlinikuta fundi baiskeli, na watu wa mji huu watanizika kama fundi baiskeli, nami sioni haya. Lakini mnajua pia kwamba nilikuwa na ugonjwa wa jua. Ulinianza kabla hamjazaliwa, nilipopewa kazi ya kuangalia nyakati za sala, wakati ule ratiba za kuchapisha zilikuwa hazijatufikia. Ranjit wa duka la spea alinipa rimu iliyokuwa imepinda kidogo, haiuziki, nikainyoosha. Ilikuwa ya matundu thelathini na sita. Duara zima lina digrii mia tatu na sitini, kwa hiyo kutoka tundu moja hadi jingine ni digrii kumi. Sikuwa na chombo kingine cha kupimia pembe na wala sikukihitaji. Nililaza rimu juu ya ubao, nikausawazisha ubao kwa maji ya karai, nikasimamisha spoki iliyonyooka katikati na kuhakikisha kwa uzi wenye nati kwamba haikuinama. Asubuhi kivuli cha ncha ya spoki kikigusa rimu niliweka alama ya chaki, alasiri kikigusa upande wa pili niliweka nyingine, na katikati ya alama hizo mbili ndipo palipokuwa kaskazini hasa, si ya sindano, ya jua lenyewe. Mama yenu aliwaambia majirani ati mumewe ameoa mke wa pili, na mke mwenyewe ni kivuli.

Nilipovuta uzi kutoka kwenye alama zangu hadi ukuta wa msikiti, ukuta wa babu yenu haukupotea hata kwa unene wa ukucha. Niliona fahari mno. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilimsimulia kila aliyeleta pancha yake jinsi baba yangu alivyojua kujenga.

Halafu mwaka wa elfu mbili na moja akaja Mwalimu Ngari, yule wa jiografia, mnyororo wake umekatika. Akiwa anangoja, alinitania na vivuli vyangu, akaniambia kwamba amesoma mahali kuwa kuna siku mbili kila mwaka ambapo jua husimama juu ya Makka kabisa, utosini: tarehe ishirini na nane Mei saa sita na dakika kumi na nane, na tarehe kumi na sita Julai saa sita na dakika ishirini na saba. Saa ya kule na saa yetu ni moja. Alilisema kama mtu anayesema habari za mpira, akapanda baiskeli akaenda zake. Mimi usiku ule sikulala. Kama jua liko juu ya Al-Kaaba, basi mtu yeyote akisimamisha kijiti popote alipo, kivuli chake kitaipa Makka mgongo, na ukikifuata kivuli hicho kinyume umeshika kibla. Hakuna haja ya dira wala ya kumwuliza mtu wa pwani.

Ilipofika tarehe ishirini na nane, mbingu ya Kitale ikanionea huruma, jua likatoka. Nilikuwa nimepatanisha saa yangu na mlio wa redio dukani kwa Ranjit. Niliweka rimu yangu nje ya msikiti, chini ya ule ukuta, nikiwa na hakika kwamba kivuli kitalala sambamba nao, nami nitakwenda kumwambia Abdikarim kwamba hata jua linamshuhudia baba. Dakika ya kumi na nane ilipofika kivuli kilikuwa kimelala upande. Nikahesabu. Kilikuwa kimepishana na ukuta kwa tundu moja na robo.

Nilidhani saa imeniponza. Nikangoja Julai, nikapima tena. Tundu moja na robo. Ndipo nikakaa chini nikaelewa kwamba sisi hatuko Mombasa, tuko mbali magharibi yake, na Makka kwetu iko kaskazini ikielekea mashariki kidogo, na kwamba baba yangu hakuwa amekosea kupima. Alikuwa ametumia neno la kwao. Neno lilikuwa kweli lilipopanda gari la moshi, na lilipoteremka Kitale lilikuwa limeacha kuwa kweli.

Mtu mwenye akili angelibeba jambo hilo polepole. Mimi nililibeba kama mtu aliyeokota bunduki. Ijumaa iliyofuata niliingia msikitini kabla ya watu, nikavuta nyuzi sakafuni kwa mstari wangu mpya, kutoka ukuta hadi ukuta. Safu zikakaa mshazari. Wazee wa nyuma wakabanwa kwenye kona, na mbele kukabaki pembe tupu isiyo na mtu. Abdikarim akaja, akatazama, akasali mpaka sala ikaisha. Kisha akazikunja nyuzi zangu mkononi, moja moja, taratibu, akanirudishia, akaniambia, "Nasir, baba amelala akielekea huku. Unataka nikamwambie nini?"

Nikamjibu, "Mwambie alikosea."

Nililisema mbele ya watu. Abdikarim akavaa viatu vyake. Tangu siku ile hakunipa mkono mpaka alipokufa, na sikujilaumu, nililaumu ukaidi wake. Akaletwa sheikh kutoka Bungoma kutupatanisha, mtu mpole, akatueleza kwamba kibla hakikuumbwa kuwa unene wa uzi, kwamba aliyeelekea upande wake ameelekea, na kwamba sala za watu wa mtaa huu tangu siku za babu yenu ziko salama na hakuna haja ya kuwatia watu huzuni. Wote walipumua. Mimi nilimwona mtu dhaifu. Nikaacha kwenda msikitini, nikawa nasali kibandani kwangu katikati ya mataili, peke yangu, na rimu ukutani ikinihakikishia kwamba mimi ndimi niliyenyooka.

Doa limefika wapi? Katikati ya mkeka. Vizuri. Nipe maji, Mulki. Kidogo tu, yanapita kwa taabu.

Sasa nafika. Mama yenu aliugua mwaka wa elfu mbili na tatu, mvua za Agosti. Wewe Mulki ulikuwa Bungoma na mimba kubwa, wewe Bashir ulikuwa umetumwa Webuye. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia anataka kulazwa ubavuni mwa Aaliyah. Mnajua jina hilo, mlikuwa mnalisikia kila Idi anapotoka kwenda kusafisha kaburi. Ndiye dada yenu aliyewatangulia, alifariki ana miezi tisa, na Abdikarim ndiye aliyembeba mikononi mpaka makaburini kwa sababu mimi sikuweza. Mama yenu alisema, "Unilaze karibu naye, na unilaze alivyolala yeye. Nasir, usiniletee habari za rimu." Alicheka kidogo aliposema hivyo. Nikamwambia sawa.

Nilimwambia sawa, na nilikuwa nadanganya hata wakati huo. Sikuweza kufikiri kwamba mke wangu, katika watu wote, nitamlaza kwa mstari ninaojua umepotoka. Niliona hayo ndiyo mapenzi.

Asubuhi ya maziko tulikwenda makaburini watu watatu kuchimba: mimi, Abdikarim, na Bramwel wa Bumula, yule kijana mpana tuliyekuwa tunampa kazi hiyo. Abdikarim alikuja bila kuitwa, kwa ajili ya mama yenu, na uzi wa baba mfukoni. Akaufunga kwenye vigingi kama yalivyokaa makaburi mengine. Mimi nikaufungua. Nikalaza rimu ardhini, nikahesabu tundu moja na robo, nikaupindisha uzi. Abdikarim akaniambia hapo nilipopindisha, upande wa miguu nitaingia kwa mtoto. Nikamwambia mtoto yuko mbali dhiraa nzima. Na ni kweli, palikuwa na dhiraa nzima kati yao. Lakini kaburi lina urefu wa kama hatua mbili na nusu, na ukilipindisha tundu moja na robo, ncha yake inasogea dhiraa moja. Hesabu ya mtoto wa darasa la sita. Nilikuwa nimepima mbingu miaka thelathini na kitu, na ile dhiraa moja ya ardhi sikuipima.

Bramwel alikuwa amefika kifuani. Jembe likagonga ubao uliooza, ukuta wa udongo ukaporomoka upande wa miguu, na vikatoka. Vidogo, Mulki. Vyembamba sana. Bramwel aliruka nje akaacha jembe ndani, akatapika kando ya ua. Mimi nilikuwa nimesimama juu na rimu mkononi. Sikushuka. Nawaambia ukweli, baba yenu hakushuka, aliishika rimu kama mwizi aliyekamatwa na kitu.

Aliyeshuka ni Abdikarim. Alivua kilemba chake, akakitandaza chini, akapiga magoti kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akavikusanya kwa vidole, kimoja kimoja, anavipangusa, hata vile vilivyokuwa kama njiti za kiberiti. Alichukua muda mrefu. Kisha akauziba ukuta ule kwa udongo mbichi akaupigapiga kwa kiganja mpaka ukawa laini, mtu akija asijue. Akapanda na kilemba kifuani. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningekuwa mtu mwingine leo. Aliniambia, "Kadija asilale na habari hii, wala watoto wasiijue. Wakiuliza niko wapi, sema nimekasirika nikaondoka." Akaenda zake kupitia nyuma, asikutane na jeneza.

Kwa hiyo jeneza lilipofika na watu wakauliza, nikasema amekasirika akaondoka. Yeye ndiye aliyenipa uongo huo, aniazime siku moja. Mimi nikaufanya wangu. Nyinyi mliponiuliza nyumbani niliongeza neno kiburi. Mwaka uliofuata niliongeza kwamba hajawahi kumpenda mama yenu. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kumtazama, na ni rahisi zaidi kumchukia mtu aliyekuona umesimama na rimu kuliko kumshukuru. Bramwel alirudi kwao Bumula na hakuchimba kaburi tena. Abdikarim akahamia Bungoma na mwanawe Rajab. Na wewe Mulki, uliyekuwa ukiishi mitaa mitatu kutoka kwake, ulikuwa unavuka barabara ukimwona. Siku alipokufa, mkewe Jerop akaja mwenyewe mlangoni kwako kukupa habari, ukamjibu ukiwa ndani. Uliniambia kwa simu, nami nikakusifu. Nikakusifu, mwanangu. Hilo ndilo linaloniamsha.

Ngojeni.

Ngojeni kidogo. Sijachoka kusema, ni kifua. Niinulie huo mto.

Mwaka jana, baada ya zile fujo za uchaguzi kutulia, Jerop alikuja hapa. Wewe Bashir ulimkuta anatoka, ukaniuliza mwanamke yule anataka nini, nikakwambia anauza mahindi. Hakuja kuuza mahindi. Amerudi Saboti kwa ndugu zake, amezeeka kama mimi. Alisema marehemu alimwachia kazi: nikifikisha miaka miwili tangu afe bila mimi kuuliza, yeye aje anionyeshe bila kuulizwa. Tukaenda makaburini, tunatembea kama kobe wawili. Akanipeleka mpaka kwenye kaburi la babu yenu, na miguuni pake, kwenye nyasi, kulikuwa na mawe madogo yamepangwa, urefu wa mkono wangu. Alisema Abdikarim alirudi siku ile ile alasiri, watu wakiwa kwenye matanga, akamzika mtoto upya, peke yake, akamsomea.

Nikayatazama yale mawe. Macho yangu yamezoea, hayadanganyiki. Hayakuwa sambamba na kaburi la babu yenu.

Nikangoja tarehe kumi na sita Julai, nikajikokota na spoki yangu na saa, nikaisimamisha ubavuni pa mawe. Saa sita na dakika ishirini na saba kivuli kikaikata safu ya mawe mraba kamili, kama kibla kinavyomkata maiti aliyelazwa ubavu, hakikupotea hata kwa unene wa ukucha. Nikaenda Saboti kumwuliza Jerop. Akaniambia kwamba siku ile Abdikarim alifika nyumbani na matope, akafungua gurudumu la mbele la baiskeli ya Rajab, akalihesabu matundu. Rajab akamwambia, baba, la nyuma ndilo lenye thelathini na sita. Akabadilisha. Jerop alimwuliza kwa nini anampindisha mtoto na ilhali yeye mwenyewe hakukubali kupindisha hata safu ya sala. Akamjibu, "Huyu ni mtoto wa Nasir. Alale kwa mstari wa Nasir."

Basi.

Hilo ndilo nililowaitia. Usilie, Mulki, doa bado halijafika.

Sasa shikeni haya, nayasema mara moja. Nyumba hii na kibanda vitagawanywa kwa sheria yetu, mwende kwa kadhi, msigombane. Bashir, dada yako asihesabiwe kikombe. Theluthi ambayo sheria imeniachia niitoe nipendavyo, ni ile nusu eka ya Saboti. Ni ya Rajab na mama yake. Nimekwisha andika, karatasi iko ndani ya kopo la gundi. Msinung'unike. Baiskeli yangu mpelekeeni Bramwel, Bumula, mwambieni kosa lilikuwa la mwenye rimu na jembe lake halina dhambi, na kama hataki baiskeli mwachieni mlangoni.

Mulki, utakwenda kwa Jerop. Usimpeleke kitu. Utakaa chini, na utakaa mpaka aseme yeye kwanza. Hata ikichukua siku nzima.

Msikiti muuache ulivyo. Asije mtu akasema Mzee Nasir aliacha wosia wa kugeuza safu. Yule sheikh alikuwa na haki, nami ilinichukua miaka minane kuwa mnyonge kama yeye. Kipimo changu ni sahihi, hilo silirudishi; tundu moja na robo ni tundu moja na robo. Lakini nilikitumia... nilikitumia kwa watu.

Maji. Hapana, acha. Lowesha midomo tu.

Mama yenu msimguse. Amelala nilivyomlaza, nitamwomba radhi mwenyewe. Mimi nizikeni karibu na babu yenu, pale kwenye nafasi, mtoto awe upande wangu. Na rimu msiilete makaburini. Mnanisikia? Uzi wa baba anao Rajab. Rajab ndiye atakayeupiga. Akiupiga kwa mstari wa babu yake, sawa. Akiupindisha, sawa. Msimwambie mnataka upi. Akiwauliza, semeni baba yetu hakutuachia neno juu ya hilo.

Keshokutwa Alhamisi ni tarehe ishirini na nane Mei. Naweza kuchelewa mpaka hapo, sijui. Mkijikuta makaburini saa ile, na jua limetoka, vivuli vyenu vyote vitalala kwenye mstari wangu. Cha jembe, cha jeneza, vyote. Msivitazame. Mtazameni Rajab.

Rimu mpeni yeye. Baadaye. Akiitaka.

Radhi zangu mnazo, zote, sikubakiza. Mungu awape macho ya kuona ardhi kabla ya mbingu. Awape mtu wa kushuka shimoni pale nyinyi mtakaposhindwa, na awape muda wa kumwambia ahsante akiwa hai. Mimi sikupata. Nilipata, nikautupa.

Limefika wapi? ... Hapa? Juu ya shuka? Silioni. Weka mkono wako lilipo, Mulki, nijue. Ndiyo. Lina joto.

Bashir, ondoka sasa. Usingoje nimalize. Rajab anabeba watu kwa pikipiki Chwele, leo ni siku ya soko, atakuwa pale wanapouza ng'ombe. Usimpigie simu. Nenda, msalimie kwa jina, mwambie baba yake mdogo anamwita. Na ile kazi ya bati utaifanya mkirudi. Yeye akushikie ngazi.